Fomu ya Yustina Niliyoikalia

Mwanza,
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Koleta,

Marahaba. Najua ukishika barua yangu, hata kabla hujaichana, unasema "shikamoo kaka" kana kwamba nimesimama mlangoni, basi nami naitikia huku huku. Hujambo wewe? Mama yetu anaendeleaje na goti lake? Baridi ya Mgeta miezi hii naijua. Mwambie asitoke asubuhi kabla ukungu haujapanda, na zile soksi nilizomtumia azivae, asizifungie kusubiri Krismasi. Kabichi zimefunga vizuri? Njia imepitika, au malori bado yanakwama pale kwenye kona ya utelezi?

Mimi ni mzima, ila vidole vinanisumbua. Kazi ni ile ile ya kiwanda cha samaki. Tunasimama kutwa kwenye maji ya barafu na mabuti ya mpira, tunachuna sangara, minofu inapakiwa kwenye maboksi inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wachunaji jioni tunapita nyuma kununua mapanki, yaani vichwa na mifupa, tukakaange. Ndiyo soko huria hilo, mdogo wangu. Nilipokuwa karani wa stoo kiwandani pale Kihonda, Morogoro, kalamu mbili mfukoni na suruali ya kadeti imenyooshwa, nani angeniambia nitanuka samaki hadi padri ananipa komunyo amebana pumzi? Lakini sina la kulalamika. Kiwanda chetu kilipouzwa wengi walibaki pale getini wanapiga soga, wanangoja lifunguliwe tena. Mimi nilipanda treni, na leo angalau ninakula.

Sasa nije kwenye barua yako. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nakwama palepale. Unasema Anastasia ametoka wa kwanza shuleni kwake, na mwalimu mkuu amewaita kuwaambia jina lake liko kwenye orodha ya akiba ya shule ya wasichana wenye vipaji maalumu kule mjini. Mzazi akienda ofisi ya elimu kumsemea, nafasi ikipatikana kabla ya mwisho wa mwezi wanampa. Unasema baba yake, Damiani, amekataa katakata. Amesema, nakunukuu mwenyewe, "Hizo nafasi zina wenyewe. Tulishakwenda kwa ajili ya dada yake Yustina, tukaona." Unasema humuwezi, na umenigeukia mimi. "Wewe ndiye mjomba, kaka, kauli ni yako. Ukisema aende, atakwenda."

Koleta, keti chini kwanza. Kama Damiani yuko shambani, mwache, utamsomea akirudi, tena akiwa ameshakula na panga liko mbali. Kama mama yuko hapo usimfiche, naye asikie. Damiani hakuona kitu chochote siku zile za Yustina. Alichokiona ni uongo wangu mimi, Bonifasi, kaka yenu mkubwa. Miaka kumi na mitatu nimeubeba, leo nautua.

Wewe siku zile hukushuka mjini, ulikuwa na Anastasia mchanga mgongoni. Kwa hiyo yaliyotokea ofisini unayajua kwa kusimuliwa tu. Damiani alikuja kwangu Kihonda na Yustina, binti wa miaka kumi na mitatu, miguu myembamba na macho makubwa, amevaa sare aliyoifua mwenyewe. Jina lake nalo lilikuwa akiba, kama la mdogo wake leo. Damiani alivaa lile koti lake la kanisani, na kwapani ameshika madaftari ya mtoto tangu darasa la kwanza, amefunga kwa kamba ya katani. Akaniambia, "Shemeji, wewe ni mtu wa mjini, unajua kuongea na watu wa ofisi. Twende wote." Nikaenda nao. Na kichwa kilinivimba, sikufichi.

Bwana wa pale ofisini alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, shati jeupe. Nikajiandaa kuongea, nimeshakohoa, nimeshaweka sauti ya kikarani. Kabla sijafungua mdomo, Damiani kasimama. Akafungua ile kamba, akamwaga madaftari yote mezani, akasema, "Bwana mkubwa, mimi ni mkulima wa kabichi. Sina la kukupa, nina huyu mwanangu tu. Tazama mwenyewe."

Yule bwana akacheka, akatazama. Akafungua moja, akafungua la pili, akaacha kucheka. Akampa Yustina swali la malori mawili, moja linatoka Mgeta na jingine linatoka Morogoro, yatakutana wapi. Mtoto hakushika hata kalamu. Akasema, "Mzee, hujasema kama mvua imenyesha. Mvua ikinyesha la kwetu halitoki." Mama yangu! Yule bwana alicheka hadi akatoa miwani. Kisha Yustina akampa jibu kamili pia, la siku ya jua. Bwana akasema, "Huyu tukimwacha mlimani tutakuwa tumetenda dhambi." Akatoa fomu ya kukubali nafasi. Akasema msichana mmoja hajaripoti, nafasi hii anamshikia Yustina siku kumi, fomu irudishwe ikiwa imesainiwa. Hakuomba hata soda. Hilo nakwambia mbele ya Mungu, Koleta, hakuomba hata soda.

Na mimi, badala ya kuruka kwa furaha, nilikuwa nimenuna. Unajua kwa nini? Kwa neno moja. "Mwanangu." Damiani alilisema pale mara sita, mara saba, mbele yangu, wala hakunigeukia hata mara moja kusema "na huyu ndiye mjomba wake". Wewe unajua kwetu Waluguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli ni mjomba. Baba anamlea na kumpenda, hakatazwi. Lakini jambo kubwa la mtoto likifika, baba anamwendea mjomba na jogoo, anakaa mkekani, anaomba, mjomba anakohoa kidogo, anakubali. Baba yetu alifanya hivyo kwa mjomba wetu kila mara. Damiani ni Mhehe. Kwao Iringa mtoto ni wa baba, na mambo yamekwisha. Hakunidharau. Hakujua! Nami nilijua kwamba hajui, hapo ndipo dhambi yangu ilipo.

Tulipotoka nje, Damiani akataka kusaini palepale, fomu ameiegemeza kwenye ukuta. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa sahihi: mzazi au mlezi. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Lete hapa shemeji. Mambo ya mtoto hayasainiwi barabarani. Nitairudisha mimi, ofisi iko karibu na kwangu." Akanipa kwa mikono miwili. Akaniambia, "Ahsante, shemeji, umenipunguzia safari." Akamwacha Yustina kwangu awe tayari kuripoti, yeye akapanda mlimani kuwahi kumwagilia.

Nikaiweka ile fomu chini ya redio. Nikasema moyoni, sasa atakuja. Wakubwa wa mlimani watamwambia, ama wewe Koleta utamwambia, au atajiongeza mwenyewe, atashuka na jogoo wake na heshima zake, ndipo nitasaini. Siku ya lori la mboga nikitoka kazini napita sokoni, nasimama mbali kama nanunua nyanya, namtazama kama ameshuka. Hakushuka. Mwenzio angeshukaje? Yeye anajua fomu imesharudi! Wifi yako, Mungu amweke pema, aliniambia siku ya tano, "Baba Klara, kwani hiyo karatasi inasubiri nini?" Nikamwambia anyamaze, haya ni mambo ya ukoo wetu, yeye ni Mkaguru wa kuja. Siku ya nane akaniambia tena. Nikampandishia sauti, na hakusema tena. Wahenga walisema kiburi si maungwana, nami nilikuwa nawafundisha wenzangu methali hiyo kazini.

Utaniuliza, siku ya kumi je? Siku ya kumi nilikwenda kazini. Nikasema bwana yule ni mpole, siku moja haitamshinda. Siku ya kumi na moja asubuhi nikasaini mwenyewe, bila jogoo wala mkeka, jasho linanitoka, nikakimbia nayo ofisini. Yule bwana akaniangalia kwa huzuni kabisa. "Mzee, nimekungoja jana hadi tunafunga. Kulikuwa na mama mmoja ameketi hapo nje na binti yake tangu asubuhi. Ningefanyaje?" Nikabaki nimesimama na ile karatasi. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Nikarudi Kihonda nimelegea. Na nani namkuta ameketi kwenye kizingiti? Damiani. Amekuja na lori la alfajiri. Pembeni yake tranka mpya ya bati, amemtengenezea mtoto, jina limeandikwa kwa rangi nyekundu: Yustina Damiani. Na mkononi, Koleta, ameshika jogoo. Mwekundu, amefungwa miguu. Akasimama akasema, "Shemeji, sina cha kukulipa kwa kutuhangaikia. Nimekuletea huyu."

Alikuja na jogoo, dada yangu! Hakuna aliyemwambia. Alikuja naye kwa shukrani tu, kwa moyo wake, akakuta nimeshamwuza mtoto wake kwa jogoo huyo huyo.

Ningesema kweli pale, huenda angenipiga, na huenda tungerudi ofisini tukaomba, tukalia, tukalala mlangoni. Hatujui. Lakini nilitazama ile tranka nikasikia mdomo wangu unasema, "Shemeji, nafasi wamempa mtoto wa mkubwa. Nimefika pale nikaambiwa imekwisha kununuliwa." Lilitoka laini kabisa. Na siku zile nani asingeliamini? Ruksa ya biashara ndiyo imeanza, maduka yamejaa vitu ghafla, kila mtu anaamini kila kitu kina bei na maskini hana lake. Damiani aliniamini kwa sababu ananiheshimu. Kisha akasema, "Basi. Sisi ni watu wa kabichi." Akajitwika tranka kichwani, akamwambia Yustina waende. Jogoo akaniachia. Wifi yako alimpika, nami nikasema tumbo linaniuma.

Tangu siku ile Damiani hakukanyaga shule tena. Mikutano ya wazazi unakwenda wewe. Yohana alipotaka kurudia darasa, baba yake akamwambia asijisumbue, twende tukalime. Wewe ulidhani amekuwa mtu wa uchungu, ukanilalamikia kwa barua, nami nikakujibu eti ndivyo wanaume wa Kihehe walivyo. Nisamehe hilo nalo. Na yule bwana wa ofisini nimempaka matope bure, mtu aliyetutendea haki.

Sasa kuna jingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi, kuliko yote. Nilipokuwa nakuja huku Mwanza nilikwenda kwanza Kingolwira kumuaga Yustina kwa mumewe, yule askari wa magereza. Ulishafika pale? Kila alasiri watoto wa maaskari wanamjia barazani na madaftari, anawafundisha hesabu huku anachambua mchele. Wengine wako sekondari! Nilikaa nikimtazama, nikaona siwezi kupanda treni hivi hivi. Nikamwambia, "Mpwa wangu, kuna jambo la ile shule." Kabla sijamaliza akasema, "Najua, mjomba. Niliiona."

Nikamuuliza umeona nini. Akasema, "Fomu. Si mimi niliyekuwa nafagia pale kwenu? Kila asubuhi nainua redio nafuta vumbi, naikuta. Haijasainiwa."

Koleta, nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia, sasa mbona hukusema? Mbona hukumwambia baba yako, hata njiani? Hakukasirika. Aliendelea kuchambua mchele wake. Akasema, "Ningesemaje, mjomba? Wewe ndiye mwenye kauli. Nikasema, mjomba ni msomi, amenitazama siku zote hizi, ameona mimi sifai. Akaona aibu kumwambia baba. Nikaona nikunyamazie tu."

Amekaa na hilo tangu akiwa mtoto! Aliyemkumbusha bwana wa ofisini habari ya lori na mvua, akamwacha hoi kwa kucheka, amekua akiamini hana akili za kutosha, na ni mimi niliyemwaminisha bila kufungua mdomo. Nilimwapia kwamba sivyo, nikamweleza habari yote ya jogoo, hadi nikalia mbele ya wale watoto. Alinisikiliza. Akaniambia, "Ahsante kwa kuniambia, mjomba." Lakini uso wake haukubadilika sana. Mtu akishaamini jambo miaka yote hiyo, kumwambia ukubwani ni kama kumwagilia mche uliokwisha kunyauka. Nilimwomba asikwambieni, niwaambie mwenyewe. Ameitunza siri yangu, na mimi nimeikalia ahadi yangu kama nilivyoikalia fomu yake. Hadi barua yako iliponifikia.

Basi jibu langu ni hili. Umeniomba kauli ya mjomba, na ninayo moja tu: Damiani aende. Aende mwenyewe, avae lile koti, achukue madaftari ya Anastasia yote tangu la kwanza. Akipewa fomu asaini palepale mezani, kwa mkono wake, aikabidhi palepale, asimpe mtu amrudishie. Hakuna mkeka wa kungoja. Mimi nilikuwa nafikiria kuomba ruhusa nije, nikaona hapana, mtanipikia chai na kuniwekea kiti, na siku zitakwisha. Wakubwa wa ukoo wakiuliza nani katoa idhini, waonyeshe barua hii. Damiani akitaka kunifuata huku anipige, anajua kiwanda kilipo, lakini aje baada ya kupeleka fomu.

Barua hii nampa mwenzangu anayekwenda likizo Kilosa. Ameniahidi atapitiliza hadi Morogoro kwanza, aiache sokoni kwa dereva wa lori la Mgeta, maana posta itachelewa na mwezi unakwisha.

Nisalimie mama yetu, umwambie mwanawe mkubwa anaomba radhi kwa magoti. Nisalimie Yohana, mwambie akitaka kusoma ufundi hajachelewa, nitamsaidia. Nisalimie mwalimu mkuu, mshukuru kwa kuwaita. Msalimie na baba wa ubatizo wa Yustina, yule mpiga kinanda, kama bado anaona. Kwa shemeji yangu sijui nitume salamu gani. Mwambie nimemkosea yeye kuliko mtu yeyote duniani, na hana haja ya kunijibu.

Na Anastasia, Koleta. Hata kama ofisini watasema nafasi zimejaa, mwiteni leo hii, wewe na baba yake, mumwambie kwa mdomo kwamba anafaa. Msidhani anajua.

Ni mimi kaka yako,
Bonifasi